Tope la Safari kwa Kipimo cha 1/24

Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya magari ya East African Safari ya mwaka 1971 bado ipo. Imehifadhiwa Zama, Japani, katika jengo ambamo kampuni ya Nissan huweka magari yake ya kihistoria. Bodi yake nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, na milangoni namba 11. Aliyeshika usukani ni Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na mwongozaji wake Hans Schüller. Nyuma yao, nafasi ya pili, ikaja 240Z nyingine ya Shekhar Mehta.

Nami ninayo namba 11 yangu. Ina urefu wa sentimita 17, iko kwenye rafu nyumbani kwangu Mombasa, na tairi zake zimeshika udongo mwekundu niliouchota kwetu Voi.

Seti yake ya kuunganisha ilitengenezwa na Hasegawa, kampuni iliyoko Yaizu katika mkoa wa Shizuoka. Mkoa huo ndio kitovu cha kazi hii ya vigari vya plastiki duniani. Tamiya wako huko, na Aoshima, na Fujimi, na kila mwezi wa Mei hufanyika maonyesho makubwa yanayowavuta wapenzi wa vigari, ndege na meli za plastiki kutoka kila upande. Tamiya walianza mwaka 1946 wakiwa wapasuaji wa mbao. Leo sidhani kuna mtu mwenye mapenzi haya ambaye hajawahi kushika boksi lao lenye nyota mbili nyeupe, moja kwenye nyekundu na nyingine kwenye buluu. Mafundi wa Shizuoka wanalijua gari lile hadi kwenye nati. Kitu kimoja tu hawakukitia ndani ya boksi, nacho ndicho tunachokijua sisi tuliokulia kando ya njia za Safari. Ni uchafu wake.

Kwanza nieleze boksi lina nini, kwa kuwa wengi wanaponitembelea hudhani nimenunua gari likiwa tayari. Ukifungua unakuta fremu za plastiki, na vipande vimeshikana nazo kwa vishikizo vyembamba: viti, dashibodi, springi, ekseli, bampa. Bodi huja peke yake, kipande kimoja, nyeupe tupu. Vioo viko kwenye mfuko wao, tairi za mpira kwenye mwingine. Kuna karatasi ya stika za kulowekwa majini, na kijitabu cha michoro. Plastiki hiyo iliyeyushwa ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu za chuma, na kuchonga kalibu moja ni gharama kubwa mno. Ndiyo maana gari lililopendwa na wengi hupata seti, na gari lililopendwa na kijiji kimoja halipati.

Kipimo cha 1/24 maana yake kila milimita ya kigari inasimama badala ya milimita 24 za gari la kweli. Waliokuwa wakipima kwa inchi na futi walikiona rahisi, kwani ni nusu inchi kwa kila futi. Wamarekani wengi hutumia 1/25. Kipo cha 1/43, kilichorithiwa kutoka kwa treni za kuchezea, na vile vigari vya kutia mfukoni ambavyo vingi ni 1/64.

Mimi ni fundi wa rangi za magari. Mchana napuliza matatu, teksi na pikapu zilizogongwa. Usiku napuliza bodi inayoenea kiganjani. Kazi ni ileile na vitu ni vilevile: puti, msasa, praima, rangi, vanishi. Tofauti ni kwamba kosa ambalo kwenye pikapu halionekani, kwenye kigari ni jabali. Piga hesabu. Rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukiizidisha kwa 24, inakuwa zaidi ya milimita mbili. Hebu fikiria gari lililopakwa rangi nene kiasi hicho: milango isingefunga, na maandishi ya bampa yangemezwa. Kwa hiyo rangi ya kigari hutiwa thina nyingi na kupulizwa matabaka membamba kama pumzi, likikauka moja ndipo lije jingine. Chembe za rangi ya fedha zinazometameta kwenye rangi ya metaliki nazo ni balaa, kwa sababu za gari la kweli zikiletwa kwenye kigari zinaonekana kubwa kama sarafu. Nimeacha kabisa kutumia rangi za gereji kwenye vigari, ijapokuwa ninazo bure mkononi.

Gundi yake pia si kama ya viatu. Ni nyembamba kama maji. Unakutanisha vipande viwili, unagusa kiungo kwa ncha ya brashi, nayo inajipenyeza yenyewe, inayeyusha plastiki pande zote mbili, na vipande vinakuwa kitu kimoja. Ukizidisha inakula bodi. Kabla ya hapo kila kipande kikatwe kwenye fremu kwa koleo kali, si kwa kukivunja kwa vidole, kisha kovu lisuguliwe kwa msasa namba 400, halafu 600, halafu 1000. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana hukata tamaa. Mimi ndiyo niipendayo. Unaposugua mkono wa springi unaanza kuuliza: huu unashika nini, na gari likiruka kwenye tuta unaelekea wapi? Nimefanya kazi gereji miaka mingi, lakini mpangilio wa chini wa magari mengi nimeuelewa mezani, kwenye plastiki.

Turudi kwenye uchafu.

Katika miaka ya 1960 Corgi, waliokuwa wakitengeneza vigari vyao Swansea, Uingereza, walitoa Volkswagen ya East African Safari. Uchaguzi ulikuwa mzuri, maana Volkswagen ilishinda Safari mwaka 1962. Ndani ya boksi, pamoja na gari, wakatia kifaru. Nakipenda kigari kile, na wakusanyaji hukitafuta kwa bidii, hasa kikiwa na kifaru wake. Lakini hebu uliza waliokuwa wakisimama barabarani kila Pasaka kilichokuwa kikiyamaliza magari ni nini. Mwaka 1963 yalifika mwisho magari saba tu. Mwaka 1968, saba tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Hayakuzuiwa na vifaru. Yalizuiwa na mvua, mito iliyofurika, mawe, na ule udongo mweusi unaoshika tairi hadi tairi haionekani. Ukilijenga gari la Safari likang'aa kama limetoka dukani, umejenga gari lililokuwa likisubiri kuanza. Mimi nataka lililofika.

Na gari la Safari lenyewe limeumbwa na njia hizo. Chukua Toyota Celica iliyotawala mwaka 1993, Juha Kankkunen akiwa wa kwanza na Toyota zikishika nafasi zote nne za juu. Tamiya walitoa seti ya Celica ya mwaka huohuo, ila ni ile ya Monte Carlo, gari la lami na barafu. Weka picha za magari hayo mawili pamoja uone. La Safari limeinuka. Mbele lina vyuma vya kulikinga na mnyama au ng'ombe wa mtu, kwa kuwa siku hizo mashindano yalipita kwenye barabara za kila siku, zenye mabasi, baiskeli na mifugo. Ubavuni mwa kioo cha mbele umepanda mrija wa kuvutia hewa juu, ili injini isinywe maji mtoni. Juu ya mabawa ya mbele kuna taa za ziada. Kila kilichoongezwa kina sababu, na anayejua sababu hataweka taa kwa kuwa zinapendeza. Ataweka pale zilipokuwa.

Vyuma vya mbele havimo ndani ya boksi la Monte Carlo, kwa hiyo nilivitengeneza. Bomba lenye kipenyo cha milimita 48 linakuwa milimita mbili kwa kipimo chetu, na waya wa shaba wa milimita mbili unapatikana duka lolote la vifaa vya umeme. Kuukunja hakukunisumbua. Mtoto yeyote aliyekulia kwetu Taita zama zangu alijua kukunja waya: tulitengeneza magari yenye usukani mrefu wa kuendesha umesimama, tairi za malapa yaliyokatika, na wajuzi waliweka hata springi. Baada ya magari ya Safari kupita, wiki nzima kila gari la waya kijijini lilikuwa na taa nne mbele, za vifuniko vya soda. Sisi tulikuwa tukifanya kazi hii kabla hatujajua kwamba kuna mahali inauzwa ndani ya boksi.

Sasa udongo. Udongo wa Voi ni mwekundu. Wageni wanaokwenda Tsavo hushangaa kuona ndovu wekundu, kumbe ni vumbi walilojimwagia. Udongo wa tambarare za Athi ni mweusi, ukilowa unanata kama ulimbo. Vumbi la Naivasha, ambako Safari ilirejea kwenye mbio za ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni la kijivu, laini, lenye asili ya volkano. Mtu akinionyesha kigari cha Safari chenye tope la kahawia la kununua kwenye kichupa, najua hajauliza gari lilipita wapi.

Lakini huwezi kuuchota na kuupaka hivihivi. Punje ya mchanga ya nusu milimita, kwenye kigari, ni kokoto ya milimita 12. Bodi nzima itaonekana imepigwa zege. Natwanga udongo kwenye kinu kidogo, nauchekecha kwa soksi ya nailoni mara mbili au tatu, hadi unapoushika kwa vidole huhisi chembe yoyote. Kwa vumbi nauchanganya na spiriti na kuupaka kwa brashi laini. Spiriti ikiruka, vumbi linabaki. Kwa tope natia vanishi isiyong'aa na vipande vya nyuzi za katani vilivyokatwa vidogo, maana tope la kweli lina majani ndani yake.

Pa kuupaka ndipo penye elimu. Mpwa wangu aliniona nikianza kuichafua Celica nyeupe, yenye mistari ya kijani na nyekundu niliyoihangaikia, akapiga kelele.

"Mjomba! Mbona unaiharibu?"

"Siiharibu. Njoo hapa. Gari likikimbia, vumbi linakaa wapi?"

"Mbele?"

"Toka nje ukatazame lile basi dogo la jirani, kisha urudi uniambie."

Akarudi. "Nyuma, Mjomba. Kioo cha nyuma hakionekani kabisa."

Ndivyo ilivyo. Gari linapopasua hewa linaacha pengo nyuma yake, hewa inarudi kulijaza, na inarudi na vumbi. Kwa hiyo mgongo wa gari la Safari ni mchafu kuliko uso wake. Tairi za mbele hurusha tope kwenye sehemu ya chini ya mlango, na tope hilo hupanda likielekea nyuma, halipandi wima. Mawe hula rangi ukingoni mwa boneti na nyuma ya tairi, si juu ya paa. Vishikio vya milango husafishwa na mikono ya watu. Kwenye kioo cha mbele waipa huacha upepeo safi, na huo naufunika kwa utepe wa karatasi uliokatwa kwa umbo lake kabla ya kupuliza vumbi, kisha naubandua. Boneti nyeusi ya 240Z haikupakwa hivyo kwa urembo. Rangi isiyong'aa huzuia jua lisimrudie dereva machoni. Kwa hiyo vumbi juu yake lazima liwe jembamba, jeusi libaki likionekana, vinginevyo umelifuta wazo la fundi aliyelipaka.

Anayetaka kuanza asianze na gari la mashindano. Seti hizi ni nadra madukani kwetu; wengi wetu huziagiza nje, na usafirishaji pamoja na ushuru unaweza kufikia bei ya boksi lenyewe. Chukua gari la kawaida, lenye rangi moja, lisilo na stika nyingi. Kopo la rangi ya kupuliza linatosha, kipulizio na kompresa vitakuja baadaye. Fungua madirisha, vaa barakoa, kwani thina haimjali mtu hata kama gari ni dogo. Na ukikitazama kigari cha mwenzio, usianze na mng'aro. Chuchumaa macho yawe usawa wa meza, kama mtu aliyesimama kando ya barabara, uangalie kama magurudumu yote manne yamegusa chini na kama gari limekaa kwa uzito. Huo uzito ndio unaonishinda wengine wakiufikia, na bado naufukuza.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni picha. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda Safari mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, na Peugeot 404. Nataka kumjengea gari lake jinsi lilivyofika. Picha za mbele zipo, kwani wapiga picha wa magazeti walikuwa wakisimama mbele wakisubiri gari liwajie. Mimi nahitaji za nyuma: mlango wa buti, bampa, kioo, mahali vumbi lilipolala. Picha za namna hiyo hupigwa na mtu wa kawaida, baba aliyekwenda na familia kutazama, akachelewa kuinua kamera, gari likawa limeshapita. Ziko kwenye albamu za watu Tanga, Moshi, Dar es Salaam, Kampala, Nairobi, na huenda wenyewe wanaziona ni picha zilizoharibika. Kama unayo moja, usiitupe, na uandike nyuma yake mwaka na mahali ilipopigwa.