Mzinga mmoja kuwa miwili

Mwaka jana kikundi chetu kilikuwa na mzinga mmoja tu wenye nguvu. Nyuki walijaa hata usiku wengine walining'inia mlangoni. Tulijua kwamba tusipowagawa, wengi watahama pamoja na malkia na kwenda zao. Tukawagawa, lakini vibaya. Tulichagua masega mazito ya asali, tukayatia katika mzinga mpya pamoja na nyuki wengi. Baada ya majuma machache mzinga ulikuwa kimya, asali ikaliwa na siafu.

Kosa lilikuwa hili: tuliwapa chakula, hatukuwapa mayai. Nyuki wasio na malkia wanaweza kulea mwingine, lakini wanahitaji yai, au funza mchanga sana. Yai la nyuki ni jeupe, jembamba, limesimama ndani ya kitundu cha sega. Geuza mgongo kwa jua ili mwanga upite juu ya bega lako, utaliona. Mwenye macho dhaifu aje na mtoto wa shule. Na sega linaloning'inia kwa kijiti tu usililaze, litakatika.

Safari ya pili tulifungua jioni, jua limepoa, mbuzi na watoto wakiwa mbali. Tulihamisha masega 2 yenye mayai, 1 la watoto waliokwisha kufunikwa, na 2 ya asali na chavua. Malkia hatukumwona. Si neno: mayai yakibaki pande zote mbili, upande usio na malkia utajitengenezea wake. Tuliongeza nyuki kwa kukung'uta masega mengine ya watoto, maana nyuki wakubwa wanaokwenda mauani hurudi kwenye mzinga wa zamani. Mlango tuliuacha mdogo, wa kulindwa na wachache.

Hapo ndipo kazi ngumu ilianza: kungoja. Malkia hutoka siku kama 16 tangu yai kutagwa, kisha lazima aruke nje kukutana na madume kabla ya kutaga. Ukimsumbua wakati huo, nyuki wetu hawakawii kuhama. Mama mmoja, minervali ya mwanawe ikimkaza, aliomba tuvune asali kidogo mle. Tulikataa, tukamkatia sega kwenye mzinga wa zamani. Alinuna juma zima.

Baada ya mwezi mmoja tulifungua, yeye akiwa ameshika moshi. Ndiye aliyeona mayai wa kwanza.