Mkwaruzo wa Gari: Tupime Kina Kabla ya Kupiga Rangi





Katika Maskati, mji uliojinyoosha baina ya bahari na majabali, gari si anasa. Ndilo linalotufikisha kazini na kuwapeleka watoto skuli na madrasa. Na kwa wengi wetu tusiomiliki nyumba hapa, ndilo mali kubwa tuliyo nayo. Siku ya kurejea kwetu, bei yake huwa sehemu ya akiba ya familia.

Kwa sababu hiyo, mtu akitoka sokoni akakuta mlango umekwaruzwa, humwuma. Hulikimbiza gari gereji, Wadi Kabir au Ghala, na huenda akashauriwa kuupiga rangi mlango mzima. Kwa mkwaruzo mdogo, aghalabu hapana haja hiyo, na hasara yake ni mbili. Ya kwanza ni fedha. Ya pili, rangi ya kiwandani ikishaondoka hairudi. Na mnunuzi makini akiona mlango mmoja umepigwa rangi upya, hushuku kuwa gari liligongwa, akashusha bei. Basi yatupasa tujue kwanza mkwaruzo umefika wapi.

Juu ya bati kuna rangi ya msingi, inayosaidia kuzuia kutu. Juu yake kuna rangi tuionayo, na juu kabisa, katika magari mengi, vanishi isiyo na rangi. Unene wa vyote hivyo kwa pamoja ni kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.15, yaani unakaribia unene wa karatasi hii uliyoishika mkononi. Vanishi peke yake haifiki nusu ya hapo.

Ili kupima, osha pahala penye mkwaruzo, kisha pitisha ukucha kwa kuukingama. Usipokwama, na alama ikatoweka pakiwa na maji, jeraha limo ndani ya vanishi tu. Ukucha ukikwama, rangi yenyewe imekatwa. Ukiona kijivu cha rangi ya msingi au mng'aro wa bati, jeraha limefika chini.

Mkwaruzo wa kwanza huondoka kwa polishi. Weka kidogo juu ya kitambaa laini na safi, sugua polepole bila kukandamiza, kisha pangusa utazame. Hata rangi ya nguzo au ya gari jingine iliyoganda juu ya mlango mara nyingi hutoka kwa njia hii. Baadhi ya magari meupe hayana vanishi, kwa hiyo kitambaa kikitoka na weupe usishtuke. Lakini usiendelee kusugua bila kiasi, kwani kila tunaposugua tunapunguza unene tusioweza kuurudisha.

Mkwaruzo wa pili na wa tatu huhitaji rangi ya kujazia, inayouzwa katika vichupa vyenye brashi ndogo. Usichague kwa macho, kwani weupe una namna nyingi. Tafuta namba ya rangi kwenye kibati au karatasi iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kwa mfano, 040 ni nyeupe mashuhuri ya Toyota. Safisha kwa spiriti, uache pakauke. Bati likiwa wazi, ondoa kutu kwa kipande kidogo cha msasa laini, kisha tia rangi ya msingi. Jaza rangi ndani ya mfereji tu, kwa matabaka membamba, ukingoje kila tabaka likauke. Malizia kwa vanishi. Usipake nta mpaka zipite wiki kadhaa. Alama haitapotea kabisa, lakini bati litakuwa limekingwa. Bampa la plastiki haliingii kutu, hivyo laweza kungoja. Bati halifai kungoja, hasa kwetu sisi tunaokaa karibu na pwani, Mutrah, Qurum au Seeb, ambako hewa ina chumvi.

Kazi hii ifanywe kivulini, gari likiwa baridi: baada ya sala ya Alfajiri ndiyo saa bora. Katika jua la Juni bati huunguza mkono, na polishi hukauka kabla haijafanya kazi. Kopo la rangi ya kupulizia lisiachwe ndani ya gari, kwani laweza kupasuka kwa joto. Wala tusilipanguse gari kavu lenye vumbi. Kila chembe ya mchanga hugeuka msasa, na mikwaruzo mingi tunayowalaumu majirani tumeitia wenyewe. Maji kwanza, kitambaa baadaye.

Yote haya ni kwa mikwaruzo midogo. Gari lililogongwa lina sharia yake katika Oman. Na tukilichubua gari la mwenzetu, iwe nje ya msikiti au dukani, tusiondoke kimya. Tumsubiri au tumtafute, na utaratibu wa Polisi ufuatwe. Hiyo ni haki ya mja, na mwenye kuisamehe ni yeye mwenyewe.

Mwisho, siku ya kuuza. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula akakuta unyevu ndani. Mwuzaji akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, na akaonya kuwa mwenye kughushi hayumo miongoni mwake. Mlango uliotengenezwa vizuri si ghushi. Ghushi ni kuunyamazia. Tumwonyeshe mnunuzi kidole kwa kidole: hapa palikwaruzwa, hapa tulijaza, hapa hapakuguswa. Huenda akapunguza riyali chache. Lakini zile tutakazozipokea, tutawalisha watoto wetu kwa utulivu wa moyo.

Wabillahi tawfiq.