CHUNGU, MADINI YA FEDHA NA MAJI YA ZIWA NYASA

Maji ya Ziwa Nyasa ni twahara, yanafaa kwa udhu. Lakini maji twahara si lazima yawe salama kwa kunywa, kwani vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho wala havibadili rangi ya maji. Anayechota ziwani, awe Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, hana budi kuyasafisha.

Njia mojawapo ni chujio la udongo lililopakwa madini ya fedha. Mfinyanzi huchanganya udongo na pumba laini, hufinyanga chungu, kisha hukichoma. Pumba huungua na kuacha vitundu vidogo mno. Maji hupita polepole, kama lita moja hadi tatu kwa saa, na vijidudu vingi hunaswa humo. Fedha nayo huharibu utando wa bakteria, wasizaliane ndani ya chungu.

Fedha hiyo huwa chembe za chini ya nanometa 100; unywele mmoja una upana wa nanometa zipatazo 80,000. Mara nyingi chembe hizi hutengenezwa kwa kemikali kali, zenye kudhuru mazingira. Lakini mimea nayo huweza kazi hiyo. Chumvi ya fedha huyeyushwa majini, kisha huongezwa maji ya majani yaliyochemshwa. Viambato vya mmea huigeuza kuwa chembe za fedha, na rangi hugeuka kahawia. Mwaka 2004 watafiti wa India walitumia mwarobaini. Mwaka 2008, Nadagouda na Varma wa Marekani walitumia chai na kahawa, zao letu la Mbinga.

Hapa nchini, Dk. Askwar Hilonga wa Arusha alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la mchanga lenye viambato vya nano.

Utauliza: je, hatukukatazwa kunywea chombo cha fedha? Chungu hiki ni cha udongo, fedha yake ni chembe tu, na maji hunywewa kwa kikombe kingine. Hata hivyo, hukumu muulize sheikh wako.

Tahadhari: usijaribu kutengeneza dawa hii nyumbani, kwani chumvi ya fedha huunguza ngozi na macho. Usinywe maji ya fedha kama tiba. Ngozi huweza kugeuka rangi ya kijivu daima. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa fedha peke yake isitegemewe kuua vijidudu vya maji ya kunywa. Chungu nacho hakizuii virusi vyote. Kwa hiyo kipindupindu kikiingia kijijini, chemsha maji mpaka yatokote, hata yaliyochujwa. Sugua chungu kwa brashi laini, bila sabuni, na ndoo ya maji safi ifunikwe.