Kafiri: Lilitoka Pwani la Dini, Likafika Kusini la Rangi

Katika nyanda za juu za Kenya, mkulima asiyetaka mifugo ya jirani shambani mwake hupanda kayaba. Ni kichaka chenye miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia, na matunda ya manjano yenye ugwadu wa kukunja uso. Jina hilo ni “kei apple” la Waingereza, yaani tufaha la Kei, lililosagwa na ndimi za wenyeji mpaka likawa lao. Kei ni mto wa mashariki mwa Afrika Kusini, na huko ndiko kichaka hiki kilikotoka.

Katika vitabu vya mimea kayaba ilikuwa na jina jingine: Dovyalis caffra. Julai 2024 wataalamu wa mimea kutoka pande zote za dunia walikutana Madrid, Hispania, wakapiga kura ya siri juu ya neno hilo la pili. Kura 351 zilisema libadilishwe, 205 zikasema libaki. Likaamuliwa kwamba kwenye majina ya mimea, kuvu na miani zaidi ya 200, caffra iwe affra, yaani “ya Afrika”. Pendekezo lilitoka kwa Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela kilichoko Gqeberha, Afrika Kusini. Mng’ongo wetu, mti ambao tembo huufuata kwa ajili ya matunda yake, nao umo katika orodha hiyo.

Kwa nini wasomi wazima wapige kura ya siri kwa sababu ya herufi moja? Kwa sababu ndani ya caffra limejificha neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua: kafiri. Kwetu husikika darsani na mawaidhani. Huko Afrika Kusini neno hilo ni tusi ambalo limewapotezea watu kazi na kuwapeleka jela. Sauti ni zilezile na mzizi ni uleule. Kilichobadilika ni nani alilibeba, na alilibeba pamoja na nini.

Tuanze na mzizi. Katika Kiarabu, herufi k-f-r zina maana ya kufunika. Anayefunika mbegu kwa udongo alihusishwa na mzizi huo, na ndiyo maana katika aya ya 20 ya Surat al-Hadid neno kuffar hufasiriwa na wafasiri wengi kuwa ni wakulima. Anayefunika wema aliotendewa ni mkosefu wa shukrani, na anayeufunika ukweli wa Mungu ndiye kafiri. Kiswahili kilichukua ukoo mzima: kuna kukufuru, kuna kufuru, na kuna kafara, sadaka ya kufunika dhambi. Mpaka hapa neno linazungumzia alichokiamini mtu moyoni. Mtu huyo akisilimu, jina linamtoka siku hiyohiyo.

Hivyo ndivyo lilivyotumika kwenye miji ya pwani, kutoka Mogadishu hadi Kilwa na Sofala. Waislamu wa mijini waliwaita makafiri watu wa bara wasioshika dini yao. Tusijidanganye kwamba lilikuwa neno la upole. Lilichora mpaka kati ya mwungwana na mshenzi, na katika zama za utumwa mpaka huo ulikuwa na bei, kwa kuwa sheria ya dini ilikataza kumtia utumwani Mwislamu huru. Hata hivyo mpaka wenyewe ulikuwa na mlango. Mtu wa bara aliyeingia mjini na kusilimu aliweza kuuvuka, na wajukuu wake wakahesabiwa wenyeji.

Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Wareno walilisikia neno hili kwenye vinywa vya wenyeji wao. Kwa kipimo cha wenyeji hao, Wareno wenyewe walikuwa makafiri. Lakini mgeni hakujiona kwenye neno. Alimwona yule wa bara aliyekuwa akioneshwa kwa kidole, akadhani amefundishwa jina la kabila. Akalitamka cafre. Padri João dos Santos, aliyeishi Sofala na bonde la Zambezi, alichapisha kitabu mwaka 1609 ambamo cafres ni watu weusi wa nchi ile. Wachora ramani wakaandika Cafraria juu ya eneo kubwa la kusini mwa bara. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ilitokana na kutoelewa: sifa ya imani iligeuzwa kuwa jina la watu.

Waholanzi walipoweka kituo kwenye Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, neno lilikuwa bado halijatulia. Mjini Cape Town, ofisa wa sheria wa kampuni ya Kiholanzi iliyomiliki kituo hicho alikuwa na watumishi walioitwa caffers, waliokamata watumwa watoro na kutekeleza adhabu. Wengi wao walikuwa wafungwa walioletwa kutoka Asia. Kwa hiyo mjini neno lilitaja kazi ya kuogofya, na nje ya mji likawataja Waxhosa waliokuwa wakikabiliana na walowezi kwenye mpaka wa mashariki. Kati ya 1779 na 1879 pande hizo zilipigana vita tisa. Waingereza waliviita “vita vya Makafiri”, na mwaka 1847 ardhi iliyokuwa kati ya mto Keiskamma na mto Kei wakaipa jina British Kaffraria. Yule mkulima wa Kenya mwenye ua wa kayaba alikuwa na mpaka huo bomani mwake pasipo kujua: mto katika jina la kienyeji, na koloni lililopakana nao katika jina la kitaalamu.

Katika karne hiyo ya 19 neno liliandikwa kwa herufi kubwa, kama tunavyoandika Mganda au Mnyamwezi. Mwaka 1857 mmisionari J. L. Döhne alichapisha kamusi aliyoiita ya “Kizulu-Kafir”, na hakuona amemtukana mtu. Hapa ndipo mtetezi wa neno husimama na kusema: si mnaona, lilikuwa jina tu.

Hoja hiyo ipimwe kwa mtu mmoja. Tiyo Soga alikuwa Mxhosa aliyesomea Uskoti, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1856, akamwoa Mskoti na kurudi nyumbani kuhubiri. Alitafsiri maandiko ya Kikristo kwa Kixhosa. Kama kafiri ni asiyeamini, basi mtu huyu alikuwa wa mwisho kuitwa hivyo na Mkristo mwenzake. Lakini katika lugha ya walowezi na hata ya wamisionari aliendelea kuhesabiwa Kafir, kwa kuwa alizaliwa hivyo. Linganisha na milima ya kaskazini-mashariki mwa Afghanistan, iliyoitwa Kafiristan. Wakazi wake waliposilimishwa kwa nguvu mwishoni mwa karne hiyohiyo, nchi ikapewa jina jipya, Nuristan, nchi ya nuru. Kule imani ilibadilika na jina likaondoka. Kwa Soga imani ilibadilika, jina likabaki, kwa sababu tayari lilikuwa limehama moyoni likakaa kwenye ngozi. Hiyo ni hatua ya pili.

Hatua ya tatu huonekana kwenye maneno madogo ya kila siku. Walowezi walilibandika neno hili mbele ya vitu. Mtama ukawa “nafaka ya kafir”. Kazi chafu, au ile ambayo mzungu aliona si hadhi yake, ikawa “kazi ya kafir”. Hata kwenye soko la hisa la London, hisa za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini zilizopandisha watu wazimu mwaka 1895 ziliitwa “Kaffirs”. Wanaisimu tunaujua mwenendo huu. Jina la watu likishatumika kupima thamani ya vitu, na vitu vyenyewe vikawa vya chini, hukumu ya kitu humrudia mtu. Mtoto wa mlowezi hakuhitaji kufundishwa dharau. Aliisikia jikoni na shambani.

Kisha neno likapata serikali. Ubaguzi wa rangi ulipofanywa sera rasmi kuanzia 1948, nyaraka zilitumia maneno mengine, lakini polisi aliyedai pasi usiku na msimamizi wa shamba walitumia hili. Lilikuja pamoja na teke, pamoja na amri ya kuhama nyumba. Hapo sumu ilikamilika, kwa sababu aliyelitamka aliweza kulitimiza.

Kuna ushahidi mwingine kwamba sumu haimo katika sauti. Mwanaisimu Wilhelm Bleek, katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862, aliziita lugha zetu Bantu, kutokana na neno lenye maana ya watu. Hakuna neno safi kuliko hilo, na kwetu Mswahili, Msukuma au Mkamba huambiwa ni Mbantu asigeuze hata shingo. Lakini Afrika Kusini serikali ya makaburu ililifanya jina rasmi la Mwafrika, na mwaka 1953 ikapitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, elimu iliyokusudiwa kumlea mtoto awe kibarua. Tangu hapo Waafrika wengi wa huko hawataki kuitwa hivyo.

Na hilo neno kaburu nalo lina kisa. Limetokana na “boer”, ambalo kwa Kiholanzi ni mkulima. Tanzania ya miaka ya mapambano ya ukombozi ililifanya jina la mkandamizaji yeyote. Tazama basi: kafiri na kaburu yote mawili yana mkulima kwenye mizizi yake, na yote mawili yakawa matusi. Lakini hayakulingana uzito. Aliyeitwa kaburu alikasirika akaenda kulala nyumbani kwake. Aliyeitwa kafir huenda hakuwa na nyumba asubuhi.

Kwa upande mwingine, karibu na Puttalam, Sri Lanka, katika kijiji cha Sirambiadiya, wanaishi wazao wa Waafrika waliopelekwa huko na Wareno na wakoloni waliofuata. Wanajiita Kaffir, na muziki wao wa manja wanaupiga kwa jina hilo bila haya. Kwao neno halikupita njia ya Johannesburg.

Waafrika Kusini wenyewe wamelishughulikia kwa njia kadhaa. Mark Mathabane aliliweka kwenye jina la kitabu cha maisha yake mwaka 1986, na mwanamuziki wa kwaito Arthur Mafokate akalitolea wimbo mwaka 1995 kukataa kuitwa hivyo. Lakini walilitaja ili walishitaki. Halikugeuka kuwa neno la kuitana kwa utani. Leo wengi hawalitamki kabisa, husema “neno la K”. Mahakama nazo zimekuwa kali. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, ilikataa kumrudisha kazini mtumishi wa mamlaka ya kodi aliyelitumia dhidi ya mkubwa wake wa kazi. Mwaka 2018 mwanamke aliyelitamka mara 48 mbele ya polisi na wapokea simu za dharura alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiahirishwa.

Je, kubadilisha majina kunatosha? Hapana, ila kunasaidia. Makumbusho ya Kaffraria sasa ni Makumbusho ya Amathole, na kayaba imepoteza herufi yake. Wataalamu wa wanyama wamekataa kufuata njia hiyo, hivyo nyati wa Serengeti bado ni Syncerus caffer. Nyati hadhuriki. Mwanafunzi anayelisoma jina hilo ubaoni ndiye wa kuulizwa.

Somo la safari hii ni kwamba asili ya neno si kibali cha kulitumia. Anayejitetea kwamba “maana yake ni asiyeamini tu” anasoma ukurasa wa kwanza na kuzifunga kurasa zilizobaki. Ukitaka kujua uzito wa neno, usiishie kwenye kamusi. Uliza nani anamwambia nani, akiwa na uwezo gani juu yake, na mara ya mwisho lilipotamkwa kilifuata nini.

Na swali hilo linatuhusu sisi wenye neno. Mkuki kwa nguruwe mtamu: tulipomwelekezea mtu wa bara hatukuhisi ncha yake, mpaka ulipogeuzwa ukamlenga Mwafrika yeyote, Mwislamu na asiye Mwislamu. Leo kwenye mitaa yetu na kwenye simu zetu kuna anayelirusha kwa jirani wa dini nyingine, au kwa Mwislamu mwenzake wa madhehebu tofauti, kisha akasema ametumia istilahi ya dini. Mwaka 2019 wanazuoni wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu wa Indonesia, walishauri kwamba istilahi ibaki katika elimu ya dini, lakini raia mwenzako asiitwe kafiri. Ushauri huo unafaa Mombasa, Tanga na Unguja kama unavyofaa kwao. Neno la darsani tuliache darsani. Jirani ana jina alilopewa na wazazi wake, tumwite kwa hilo.