Presha na kisukari huujeruhi ubongo kimyakimya

MZEE anapouliza swali lile lile mara tatu kwa siku, aghalabu jamaa zake husema ni uzee. Huenda si uzee peke yake. Huenda ubongo wake umekuwa ukijeruhiwa kwa miaka mingi na shinikizo la juu la damu au kisukari, pasipo yeye kuhisi maumivu yoyote.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Damu huufikia kupitia mishipa inayogawanyika hadi kuwa vijishipa vyembamba mno. Hapo ndipo madhara huanzia.

Shinikizo linapozidi, kuta za vijishipa hivyo hunenepa na kukakamaa, na njia ya damu ikawa finyu. Sukari iliyozidi nayo huharibu utando wa ndani wa mishipa. Vijishipa vikiziba, sehemu ndogo ndogo za ubongo hufa. Kovu moja laweza kupita bila dalili. Makovu yakikithiri, mtu huwa mzito wa kufikiri, hutatizika kupanga mambo, na kumbukumbu hufifia.

Mshipa ukiziba au ukipasuka ghafla, hicho ni kiharusi. Rais wa Marekani Franklin Roosevelt alifariki Aprili 12, 1945, damu ilipovuja ubongoni baada ya miaka mingi ya presha. Enzi hizo hapakuwa na dawa za kutegemewa. Leo zipo.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu. Wengine hupimwa, wakapewa tembe, kisha wakaziacha mara tu wanapojihisi vyema. Hilo ni kosa kubwa. Kujihisi vyema si ithibati kwamba presha imeshuka. Ni kipimo tu kiwezacho kusema hivyo.

Aliyepatikana na 140/90 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikawa vivyo hivyo, amwone daktari. Mwenye kisukari apimwe presha pia, kwa kuwa maradhi haya mawili huandamana. Anayetumia insulini asiruke mlo, maadamu sukari ikishuka kupita kiasi pia huudhuru ubongo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haina fundi wa kuijenga upya.