Mlio wa Pumzi Usio wa Pumu

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za ugonjwa ulio nadra sana, nao ni uvimbe uotao ndani ya koo la pumzi. Wengi wetu twaijua pumu kwa mlio wake: kifua hulia kama filimbi, na mgonjwa hutaabika zaidi katika kutoa pumzi. Uvimbe huu nao huleta mlio, kwa hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa pumu, na mtu hutibiwa pumu miezi mingi, hata miaka, asipate nafuu.

Sababu ni hii. Koo la pumzi la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 13 hivi, na upana wake wapata sentimita 2. Upana huo wazidi haja yetu tukiwa tumeketi. Basi uvimbe waweza kuziba nusu ya njia na mwenyewe asihisi neno. Isaliapo nafasi ya milimita 8 hivi, hutweta akipanda kilima. Isaliapo 5, hutweta hata akiwa amekaa kitako. Ndipo aendapo hospitali, na uvimbe umekwisha kuwa mkubwa.

Daktari mwangalifu husikiliza shingo pia, wala si kifua peke yake. Uvimbe ulio juu, karibu na shingo, hulia zaidi katika kuvuta pumzi. Tena huuliza: je, dawa ya pumu yasaidia? Je, makohozi yana damu? (Damu hutufanya tufikiri kwanza kifua kikuu, wala si kosa, makohozi na yapimwe.) Picha ya eksirei isimdanganye, maana mara nyingi haionyeshi kitu. Picha za mashine ya kompyuta, zionyeshazo mwili kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa, ni bora zaidi.

Hata hivyo picha haisemi uvimbe ni wa namna gani. Yapasa kuutazama kwa macho. Mwaka 1897, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alipitisha bomba gumu katika njia ya pumzi ya mkulima mmoja, akautoa mfupa uliokwama. Katika miaka ya 1960 daktari Shigeto Ikeda wa Japani akaleta bomba jembamba lipindikalo. Kwa bomba kama hilo daktari huuona uvimbe na kukata kipande kidogo, nacho hutazamwa kwa hadubini. Namna moja huwapata zaidi wavutao tumbaku. Nyingine hukua polepole, wala haichagui mvutaji. Uvimbe uliowahiwa huweza kukatwa pamoja na sehemu ya koo lenyewe, kisha ncha mbili zikashonwa pamoja.