Ugeuze Mshipi wa Jambia
Sanduku lililotoka Unguja mwaka 1964 likifunguliwa, jambia la babu likatolewa, macho yetu hukimbilia mpini na fedha. Mshipi hausemwi. Tumeona ukitupwa, ukanunuliwa mpya kwa ajili ya harusi.

Tunaomba ugeuzwe kwanza. Nje ni uzi wa fedha. Ndani ni ngozi, nayo ndiyo iliyobeba uzito wote. Tundu lililovutika karibu na bizimu laonyesha kiuno cha mvaaji. Tundu jingine, lililotobolewa ovyo, huenda ni la mwanawe. UNESCO iliorodhesha ufundi wa jambia la Oman mwaka 2022. Tundu hilo halimo katika orodha yoyote.

Ngozi iliyokauka isipakwe rangi ya viatu, itauchafua uzi. Ifutwe kwa kitambaa kikavu, ilazwe bila kukunjwa.